Chupa ya Maji ya Bei Kubwa: Mnunuzi Ananunua Nini?

Katika maduka ya miji ya Afrika Mashariki siku hizi, chupa mbili za maji huweza kusimama bega kwa bega juu ya rafu moja, kila moja ikichukua lita moja, na moja ikauzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya bei ya mwenziwe. Ya kwanza ni ya plastiki ngumu. Ya pili ni ya chuma cha pua kisichoshika kutu, imepakwa rangi ya kuvutia, na ubavuni imeandikwa kwamba huhifadhi ubaridi wa maji kwa saa 24. Mzazi mwenye watoto watatu wa sekondari, kila mmoja akiitaka hiyo ya pili kwa sababu wenzake wanayo, ana haki ya kuuliza tofauti ya bei hiyo inalipia kitu gani hasa. Swali hilo lina jibu, na sehemu kubwa ya jibu lenyewe imo katika vitabu vya fizikia vya shule za sekondari.

Yafaa kwanza kuliweka kando jambo moja. Mwezi Januari 2024 huko Marekani, watu walipanga foleni nje ya maduka ili kununua bilauri ya chuma ya kampuni ya Stanley yenye ujazo wa lita 1.2 hivi, iliyouzwa kwa dola 45 hivi, kwa sababu ilikuwa imetolewa kwa rangi mpya ya msimu. Maji yaliyowekwa ndani yake hayakuwa baridi zaidi kuliko yale ya bilauri ya rangi ya mwaka uliotangulia. Fahari ni hesabu nyingine, na kipimajoto hakiwezi kuipima. Kinachozungumzwa hapa ni kile kinachopimika.

Kazi ya ombwe

Joto husafiri kwa njia tatu. Hupita ndani ya kitu kigumu kutoka chembe hadi chembe, kama linavyopanda katika mpini wa kijiko kilichotiwa ndani ya chai ya moto. Hii ndiyo njia ya upitishaji. Huchukuliwa na hewa au maji yanayozunguka, na njia hiyo huitwa myuko. Tena huruka kama miali hata pasipo na hewa, kama joto la jua linavyoifikia dunia, nayo ndiyo njia ya mnururisho. Chombo kitakachozuia joto hakina budi kuziziba njia zote tatu kwa pamoja.

Mtu aliyefaulu kuziziba ni James Dewar, mwanasayansi Mskoti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Kifalme mjini London. Taabu yake haikuwa maji ya kunywa. Alikuwa akishughulika na gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminiko, na oksijeni iliyo kimiminiko huchemka kwenye nyuzi 183 za sentigredi chini ya sifuri. Ikitiwa katika chombo cha kawaida, hutoweka mbele ya macho ya mtazamaji. Mwaka 1892 Dewar alitumia chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zilizounganishwa shingoni peke yake, na hewa iliyokuwa kati ya kuta hizo mbili ikatolewa. Palipokuwa na hewa pakabaki ombwe. Bila hewa hakuna myuko, na upitishaji haupati pa kupitia ila shingoni. Kuhusu mnururisho, kuta za kioo zikapakwa fedha ili ziirudishe miali kama kioo cha kujitazamia.

Dewar hakuisajili hataza ya chombo hicho. Mjerumani Reinhold Burger, fundi wa vyombo vya kioo mjini Berlin, ndiye aliyeandikisha hataza mwaka 1903 kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, na mwaka uliofuata bidhaa hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Thermos, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moto. Dewar alikwenda mahakamani akashindwa. Hiyo ndiyo asili ya thamosi, au chupa ya chai, iliyomo katika nyumba nyingi za mwambao na bara. Mwaka 1913 Mmarekani William Stanley akatengeneza chupa ya ombwe ambayo kuta zake zote mbili zilikuwa za chuma badala ya kioo. Chupa za bei kubwa za leo ni wajukuu wa kazi hizo za zamani. Ndani yake hakuna siri mpya.

Jambo moja kuhusu ombwe hustahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndilo linaloamua kama fedha ya mnunuzi imepotea au la. Ombwe la nusunusu halifai kitu. Mtu aweza kudhani kwamba hewa ikipunguzwa hadi nusu, joto linalopita nalo litapungua kwa nusu. Sivyo. Molekuli zikiwa chache, kila moja husafiri mbali zaidi kabla ya kugongana na nyingine, hivyo hubeba joto lake umbali mkubwa zaidi, na hasara na faida hukaribia kulingana. Ni mpaka molekuli ziwe adimu hata zikawa zinagonga kuta mara nyingi kuliko zinavyogongana zenyewe kwa zenyewe, ndipo upitishaji unapoanza kushuka kweli. Kwa sababu hiyo kiwanda hulazimika kuitoa karibu hewa yote, na tena kuweka ndani ya nafasi ile kidonge cha madini kinachonyonya gesi kidogo kidogo inayotoka katika chuma chenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Kazi hiyo ndiyo yenye gharama. Ufa mwembamba kuliko unywele ukitokea katika kiungo kimoja, chupa ya bei kubwa inakuwa sawa na kopo, ingawa kwa macho haijabadilika hata kidogo.

Siku moja ya shule

Chukulia mwanafunzi ametia lita moja ya maji ya nyuzi 5 saa moja asubuhi, na hewa ya darasani ina nyuzi 30. Ili maji hayo yafikie nyuzi 30 yanahitaji kupokea kilojuli 105, kwa kuwa kila kilo ya maji hutaka kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja.

Chupa ya kawaida yenye ukuta mmoja, ya kipenyo cha sentimeta 8 na kimo cha sentimeta 22, ina eneo la nje la sentimeta za mraba 650 hivi. Katika hewa iliyotulia, eneo hilo hupokea joto kwa kiasi cha wati 16 hapo mwanzo, na kiasi hicho hupungua kadiri maji yanavyopata joto. Hesabu ikifuatwa, tofauti kati ya maji na hewa hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja na robo. Saa tatu na nusu asubuhi maji yatakuwa yamefika nyuzi 24, na kufikia adhuhuri hayatatofautiana na maji ya ndoo iliyokaa pembeni mwa darasa.

Katika chupa ya ombwe ya umbo hilohilo, makadirio huonyesha kwamba tofauti hupungua kwa nusu kila baada ya saa 10 hivi. Saa tisa alasiri, mwanafunzi anapofunga vitabu vyake, maji yake yangali kwenye nyuzi 15 au 16. Huo ni ushindi mkubwa, na muuzaji hasemi uongo anapoutaja.

Lakini hesabu hiyo hufichua jambo ambalo muuzaji halitaji. Sehemu kubwa ya joto linaloingia katika chupa ya ombwe halipiti kwenye kuta; hupita shingoni, mahali kuta mbili zinapokutana, na kwenye kifuniko. Mdomo ukiwa mpana, njia hiyo ni pana. Chupa iliyotengenezwa kwa mdomo mkubwa ili barafu iingie kwa urahisi, au yenye kifuniko chembamba cha mrija, hupoteza sehemu ya kile kilicholipiwa. Tena saa 24 zilizoandikwa ubavuni zaelekea kuwa saa za chupa iliyojaa ambayo haifunguliwi. Ikinywewa hadi nusu, joto linaloingia halipungui sana ilhali maji ya kulipokea ni nusu tu, basi hupata moto kwa kasi inayokaribia mara mbili.

Hapa ndipo chupa ya chai ya kawaida inapodai heshima yake. Kioo hupitisha joto kwa uwezo ulio karibu sehemu moja ya kumi na tano ya ule wa chuma cha pua, na fedha iliyopakwa juu yake hurudisha miali vizuri kuliko chuma kilichong'arishwa. Ingawa ukuta wa kioo ni mnene zaidi na hivyo faida ya shingoni hupungua, thamosi ya kioo iliyo nzima aghalabu hulingana na ya chuma, na mara nyingine huishinda. Ina kasoro moja, nayo yajulikana kwa kila aliyewahi kusikia mlio wa vigae ndani ya thamosi iliyoanguka. Kwa hiyo anayelipa bei ya chuma halipii ubaridi mkubwa zaidi kuliko wa chupa ya chai ya bibi yake. Analipia chombo kitakachostahimili kuanguka kutoka kwenye baiskeli. Kwa chombo kinachokaa mezani, malipo hayo ni ya bure. Kwa kinachosafiri kila siku, ni hoja ya haki.

Kuitambua iliyo ya kweli

Kuna chupa zenye kuta mbili za chuma ambazo katikati yake hamna ombwe ila hewa tu. Huuzwa kwa bei ya juu, na mnunuzi asiyejua hana namna ya kuzitofautisha kwa macho. Jaribio lake ni rahisi. Maji yaliyochemka yatiwe ndani, kifuniko kifungwe, na baada ya dakika kumi kiganja kipitishwe ubavuni. Ombwe likiwapo, ukuta wa nje hubaki na joto la chumba, isipokuwa karibu na shingo ambako joto kidogo huhisika. Ubavu ukiwa vuguvugu, au pakiwa na doa moja la moto, ombwe halipo au limekwisha kuvuja. Jaribio hilohilo lafaa kwa chupa iliyokwisha kuanguka mara kadhaa.

Baadhi ya watu huenda sokoni na sumaku. Desturi hiyo ina maana, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa. Chuma cha pua kinachotumiwa zaidi kwa vyombo vya chakula huwa na asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli. Kromi hufanya utando mwembamba mno juu ya chuma, unaojirudishia wenyewe unapokwaruzwa, na huo ndio unaozuia kutu. Chuma cha namna hiyo hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo mno pale kilipokunjwa. Sumaku ikinata barabara, basi chuma ni cha aina nyingine. Isiponata, hata hivyo, haijathibitisha kitu: kuna chuma cha bei nafuu ambacho sehemu ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi, nacho pia hakivutwi, ingawa ustahimilivu wake dhidi ya chumvi ni mdogo zaidi.

Mwaka huohuo wa 2024 palizuka hofu kwamba baadhi ya chupa za ombwe zina risasi. Ni kweli kwamba watengenezaji fulani hutumia tone la madini yenye risasi kuziba tundu lililo kitakoni, ambamo hewa ilitolewa. Tone hilo liko nje ya chumba cha maji, nalo hufunikwa kwa kisahani cha chuma. Kinywaji hakiligusi. Kisahani hicho kikibanduka, chupa iachwe kutumika, hasa mikononi mwa watoto wadogo wanaotia kila kitu kinywani.

Usichokuja nao bei

Chupa ya bei kubwa haisafishi maji. Kauli hii yaweza kuonekana haina haja ya kusemwa, lakini fedha nyingi hutolewa kwa imani ya kinyume chake. Maji ya kisima kilichoingiliwa na uchafu yakitiwa katika chuma bora kabisa hubaki vilevile, na vijidudu vya kipindupindu haviwezi kuuawa kwa nyuzi 15. Kuchemsha na kutia klorini hufanya kazi hiyo, na mambo hayo hufanyika kabla maji hayajafika kwenye chupa yoyote.

Kuna hata hatari ambayo chupa nzuri huiongeza. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 60 au ubaridi ulio chini ya nyuzi 5, kwa sababu kati ya mipaka hiyo bakteria huzaana kwa kasi. Uji wa maziwa ukitiwa katika chupa ya ombwe ukiwa na nyuzi 45, ili mtoto asiungue, chupa itafanya kazi yake kwa uaminifu na kuuweka katika joto la uvuguvugu kwa saa nyingi. Vijidudu havingeweza kupata malezi bora zaidi. Uji utiwe ukiwa wa moto sana, upozwe kikombeni wakati wa kunywa. Na usipoweza kutiwa hivyo, heri chombo cha kawaida na kunywewa mapema.

Kuosha nako si jambo la kupita. Chupa inayojazwa kila siku bila kuoshwa hujenga utando wa ute ambao kidole hukihisi kama utelezi. Huo ni mji wa bakteria. Mpira wa kifuniko na mrija ndizo sehemu zinazosahauliwa, kwa kuwa brashi haifiki, na chupa zenye urembo mwingi wa vifuniko ndizo ngumu zaidi kuosha. Kifuniko cha kawaida cha kuzungusha, chenye mpira unaobanduka, ni bora kuliko chenye vitufe na milango mitatu, hata kama bei yake ni ndogo. Chupa ya chuma isilowekwe usiku kucha katika dawa ya klorini ya kufanyia nguo weupe: kloridi hutoboa ule utando wa kromi na kuacha vidoa vya kutu. Maji ya moto na sabuni yatosha.

Plastiki na jua

Plastiki si kitu kimoja. Nambari iliyochapwa kitakoni ndani ya pembetatu hueleza ukoo wake. Nambari 1 ni ile ya chupa za maji ya dukani, nyepesi na angavu, ambayo hulegea ikitiwa maji ya moto sana. Nambari 2 ndiyo ya madumu. Nambari 5 hustahimili moto zaidi. Nambari 7 ni kapu la mchanganyiko, na ndani ya kapu hilo imo polikaboneti, plastiki ngumu iliyotumika zamani kwa chupa za watoto wachanga. Polikaboneti hutengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo huweza kutoka kidogo kidogo na kuingia katika kinywaji, hasa cha moto, nayo hufanana na homoni ya kike kiasi cha kuudanganya mwili. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chupa za watoto za namna hiyo mwaka 2011, na Marekani mwaka 2012. Kwa maji ya baridi, chupa ya nambari 2 au 5 haina sababu ya kuogopwa, nayo ni ya bei ndogo.

Tena ipo kazi moja ambayo chupa duni kuliko zote huiweza na ile ya bei kubwa haiwezi kabisa. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria katika vinywaji vilivyowekwa ndani ya vyombo angavu. Utaratibu uliotokana na kazi hiyo ni mwepesi. Chupa angavu ya nambari 1, isiyozidi lita 2, isiyokwaruzika, hujazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au kwa siku mbili mfululizo mbingu zikiwa na mawingu mengi. Miali isiyoonekana ya jua, ikisaidiwa na joto, hufanya kazi. Jarida la Lancet la mwaka 1996 lilieleza jaribio lililofanywa Kenya miongoni mwa watoto 206 wa Kimasai. Baadhi yao walikunywa maji ya chupa za plastiki zilizoanikwa juani, na wengine maji ya chupa zilizowekwa ndani ya nyumba. Waliokunywa maji ya juani waliugua kuhara mara chache zaidi. Tofauti haikuwa ya ajabu, lakini ilikuwapo, nayo ilitokana na chupa ambayo mahali pengine hutupwa jalalani. Chuma hakipitishi mwanga, basi humu hakina nafasi.

Mtungi haujasahauliwa

Aliye nyumbani na anayetaka maji ya baridi bila umeme anacho chombo kilichomtangulia Dewar kwa maelfu ya miaka. Mtungi hauzuii joto, hulifukuza. Maji hupenya katika vinyweleo vya udongo, hufika nje, na kila gramu inayogeuka mvuke huchukua kilojuli 2.4 hivi za joto. Ili kupoza lita 10 za maji kwa nyuzi 8, yatosha zigeuke mvuke gramu 140, yaani chini ya kikombe kimoja.

Uwezo huo hutegemea ukavu wa hewa. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 40, kama inavyoweza kuwa Dodoma katika miezi ya kiangazi, huruhusu maji kushuka hadi karibu na nyuzi 22. Hewa ya joto hilohilo yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam wanaijua, haiyaachi yashuke chini ya nyuzi 29. Ndiyo maana mtungi husifiwa bara kuliko pwani. Kanuni hiyohiyo humfaa mwanafunzi wa bara mwenye chupa ya plastiki: akiivika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kuiweka penye upepo, amejipatia mtungi wa safari. Shida ya mtungi iko mdomoni mwake, ambamo kata huingia pamoja na vidole vya mchotaji. Mtungi wenye bomba chini huiondoa shida hiyo.

Hesabu ya fedha

Wauzaji hupenda kuilinganisha chupa ya ombwe na maji ya dukani. Kwa mfano wa hesabu tu, chukulia chupa ya ombwe inauzwa shilingi 60,000, ya plastiki ngumu shilingi 6,000, na maji ya dukani hugharimu shilingi 1,000 kwa siku. Maji ya kuchemsha nyumbani nayo si ya bure. Kuchemsha lita moja hutaka kilojuli 315, na katika jiko la kawaida linalopoteza sehemu kubwa ya moto wake hiyo ni gramu 50 hivi za mkaa. Mkaa huo uhesabiwe shilingi 100. Mnunuzi basi huokoa shilingi 900 kila siku, na chupa ya ombwe hurudisha fedha yake kwa siku 67.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini chupa ya plastiki hurudisha yake kwa siku 7. Akiba yote hutokana na kuacha kununua maji, wala haitokani na chuma. Hata Kenya, ambako tangu Juni 2020 haruhusiwi mtu kuingia na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja katika hifadhi za taifa, sheria haidai chupa ya shilingi elfu sitini. Hudai chupa isiyotupwa.

Kilichobaki ni shilingi 54,000, na hiyo ndiyo bei halisi ya ubaridi. Ikidumu miaka mitano ya siku 200 za masomo, ni shilingi 54 kwa siku, jambo ambalo mtu hawezi kulilaumu. Ikipotea au kuibwa baada ya siku 100, ni shilingi 540 kwa siku, zaidi ya nusu ya bei ya maji aliyokuwa akiyakimbia. Katika bweni lenye wanafunzi mia moja, huo si uwezekano wa mbali. Kwa dereva wa bajaji, mvuvi, au fundi wa ujenzi anayeshinda juani, hesabu hugeuka: imeonekana kwamba watu wenye joto la kazi hunywa maji mengi zaidi yakiwa na nyuzi 15 hivi kuliko yakiwa na uvuguvugu, na mwili wa mtu huyo hauhitaji fahari ila maji. Mzazi wa watoto watatu, kwa upande wake, apata chupa tatu za plastiki za nambari 5, brashi ya kuoshea, na thamosi ya kioo ya kuweka nyumbani, na bado asiifikie bei ya chupa tatu za chuma.

Kwa walimu wanaotaka wanafunzi wayathibitishe haya, vyombo vinavyohitajika ni vichache: chupa ya plastiki, chupa hiyohiyo nyingine iliyovikwa kitambaa chenye maji, thamosi ya kioo, na chupa ya ombwe ya chuma ikiwa mmoja wa wanafunzi anayo. Zote zitiwe kiasi sawa cha maji ya baridi kutoka jagi moja na kuwekwa juu ya meza moja kivulini. Kipimo cha joto kisomwe kila baada ya nusu saa kuanzia asubuhi hadi alasiri, na grafu ichorwe ya tofauti kati ya maji na hewa. Chupa ya kitambaa itaushangaza umma wa darasa la bara zaidi kuliko la pwani, na shule mbili zilizo mbali zikibadilishana grafu zao zitajionea sababu. Kipimajoto kitolewe kila kinapokwisha kusomwa na kifuniko kirudishwe mara moja, kwa maana kikiachwa ndani kifuniko hakitafunga, na joto lote litapita shingoni.